Uboho wa Pikipiki

Nilitoka Muheza na cheti cha kidato cha nne, suruali mbili na anwani ya hoteli moja ya Kitwe, Zambia, iliyoandikwa nyuma ya picha ya mjomba wangu. Safari ilinichukua siku kumi na moja. Basi lilinifikisha Chalinze, na kutoka hapo nikapata lori la saruji ambalo dereva wake alikuwa na ndugu katika kila mji na hakumruka hata mmoja. Mikumi tulilala kwa shemeji yake. Iringa kwa dada yake. Makambako tulilala kwa bwana mmoja ambaye dereva alisema walisoma pamoja, ingawa njiani alikuwa ameniambia hajawahi kukanyaga shule. Mlima wa Kitonga niliupanda kwa miguu, kwa kuwa lori lilikwenda polepole kuliko mimi na juu alikuwapo mama anauza mahindi ya kuchoma. Nilikula mawili, nikafuta mdomo, nikasubiri, ndipo lori likafika.

Tunduma tuliingia mchana wa vumbi. Foleni ya malori ilianzia Mpemba. Dereva akazima injini, akanionyesha kwa kidevu. "Zambia ile pale. Tembea tu, utafika kabla yangu." Nikatembea. Kule mbele askari wa mpakani aliniomba pasi ya kusafiria, nikampa picha ya mjomba. Aliitazama mbele na nyuma kwa heshima zote, akanirudishia, akaniambia nikapumzike kwanza wakati nafikiria jambo la kufanya. Nilipumzika miaka kumi na mitatu.

Nilifungua kibanda cha oili ya injini huko Chapwa, kando ya barabara. Madereva walinifundisha kusema mulishani mukwai kabla ya kutaja bei, maana Mzambia usiyemsalimu hanunui kwako hata kama gari lake limekauka kabisa. Kilikuwa kibanda cha mbao chenye ngazi tatu, na ni kwa ajili ya ngazi hizo nilimfahamu mama wa hadithi hii.

Siku ya kwanza, kwa kweli, sikumwona yeye. Niliona pikipiki refu jeupe linakuja na deli la buluu la barafu limefungwa nyuma, na kati ya deli na usukani kuna helmeti tu. Likazunguka kibanda changu mara mbili. Mara ya tatu likasogea hadi kwenye ngazi, mguu mfupi wenye buti ukatokea, ukatafuta ngazi ya pili, ukaikanyaga.

"Vijana wa mji huu mnajenga vibanda bila ngazi," alisema huku anavua helmeti. "Wewe umejenga vizuri. Nipe lita moja, na isiwe ile iliyokaa juani."

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye mabega ya mpiga ngoma. Kazi yake ilikuwa mifugo. Aliyemtangulia alikuwa mwanamume na watu walimwita Bwana Mifugo. Alipokuja yeye wakaendelea kumwita Bwana Mifugo, naye akaitika, na watoto wakamwamkia, "Shikamoo Bwana Mifugo," bila kuona ajabu yoyote. Sijui kama tulikuwa watu kumi tuliolijua jina lake, na wale tisa wengine walikuwa wanakwaya.

Nilichukua lita moja nikainama kwenye injini kutafuta pa kumimina. Nikazunguka upande wa pili, nikainama tena. Yeye alikuwa amekaa kwenye ngazi anakula kiazi kitamu, ananitazama kama mtu aliyelipia kiingilio.

"Umepoteza nini?"

"Tundu, mama."

"Uboho wa ng'ombe unakaa wapi?"

"Ndani ya mfupa."

"Basi."

Akainuka, akafungua kifuniko kilichokuwa juu kabisa, shingoni, chini ya usukani. Pikipiki lile halikuwa na hifadhi ya oili chini kama mengine. Oili ilikaa ndani ya mabomba ya fremu yenyewe: ilishuka kuilainisha injini, pampu ikaivuta na kuirudisha juu mifupani, ikapoa, ikashuka tena. Nilikuwa nimeuza oili miezi minane na sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nilifurahi kijinga. Siku ile nzima kila dereva aliyekuja nilimsimulia, hata wale waliokuja kuuliza choo.

Pikipiki lile lilikuwa la mradi wa ng'ombe wa watu wa Ulaya. Mradi ulikwisha, watu wakaenda kwao, pikipiki sita zikabaki idara ya mifugo ya wilaya. Wakati ninafika Tunduma tano zilikuwa zimekufa. Kanuni ya wilaya ilikuwa fupi: kila mwaka pikipiki zote za serikali zinapelekwa Vwawa kukaguliwa, na lisilowaka siku hiyo linabaki uani kusubiri mnada. Wala hakuna badala yake. Na bila pikipiki, chanjo ya homa ya mapafu haifiki bonde la Momba, kwa sababu chanjo inasafiri na barafu, barafu ya Tunduma inaishi nusu siku, na gari la kwenda bondeni lilipatikana siku ambayo lenyewe lilijisikia.

"Likilala siku ya ukaguzi, ng'ombe wa bondeni wataanza kukohoa," aliniambia. "Nami nitakaa ofisini nijaze fomu za vifo."

Ndiyo maana alilipenda, au alisema ndiyo maana. Nadhani angelipenda hata kama lingekuwa linabeba vitunguu.

Kuliwasha kulihitaji jiwe. Lilikuwa refu mno kwake na kiki yake ilikuwa nzito, kwa hiyo alilisogeza kando ya jiwe, kichuguu au ngazi ya kanisa, akakanyaga kule, akabana kishikio kidogo cha usukani kinachopunguza ugumu wa kiki, akasubiri kama anayesikiliza mtu chumba cha pili, halafu akaruka na mwili mzima. Alijua kila jiwe kati ya Isansa na bondeni. Kuna mahali aliita Jiwe la Matumaini na mahali aliita Jiwe la Aibu, na hili la pili hakukubali kunieleza. Mwanamume akijitolea kumpigia kiki, alimwachia. Alisimama pembeni mikono mgongoni. Kiki ikarudi, ikampiga yule bwana ugokoni, na Bwana Mifugo akasema kwa upole, "Pole baba. Linataka mtu mfupi."

Asubuhi za baridi, zile za Juni ambazo mdomo unatoa moshi, ungemkuta amelikumbatia. Fremu ilipata moto wa oili, basi alilifanya jiko. Viazi alivifunga kwa kitambaa kwenye bomba la mbele vikafika bondeni vya moto. Soksi zilikauka hapo. Niliwahi kumkuta kando ya barabara amelaza shavu kwenye shingo ya pikipiki na macho ameyafumba. Nikadhani amezidiwa. "Jino," akasema. "Linanikanda."

Lakini jambo lililomfanya awe yeye lilikuwa kijiti cha kupimia oili. Pikipiki la namna ile likilala usiku kucha, oili inateremka kidogo kidogo kutoka mifupani kwenda tumboni mwa injini. Asubuhi ukichomoa kijiti kinatoka kikavu, na mtu mwenye haraka anaongeza. Ni kosa hilo. Unapaswa kuliwasha kwanza, liungurume dakika tano, oili irudi juu, ndipo uzime na kupima.

Karani mmoja wa Isansa aliazima pikipiki hilo kwa siku tatu kwenda msibani, na kila asubuhi alichomoa kijiti, akaona pakavu, akaongeza lita kwa moyo safi. Asubuhi ya tatu lilipopata moto, oili yote ikapanda, ikakosa pa kukaa, ikatokea kwenye mpira wa kupumulia. Karani akaingia msibani ndani ya wingu jeupe, ameloa kuanzia magotini hadi viatuni. Kina mama wakadhani amepata ajali, wakamlilia yeye kwanza, na marehemu ikabidi angoje.

Bwana Mifugo hakumgombeza. Alisema, "Umeuliza mtu aliyelala," na kuanzia hapo nikagundua kwamba kwake hiyo ilikuwa kanuni ya dunia nzima. Wafugaji wa bondeni, Wasukuma waliohama na mifugo yao, hawapendi kutaja idadi ya ng'ombe. Ofisa mwingine alifika na daftari, akauliza akiwa amesimama, akaambiwa thelathini. Bwana Mifugo alikaa. Aliuliza mvua, akauliza wajukuu, akanywa maziwa ya mgando ingawa nitasema hivi karibuni alivyoyachukia maziwa, akacheka, saa ikapita. Kisha akauliza kama mtu aliyekumbuka tu. Mia moja na tisini.

"Mpashe moto kwanza," alisema. Alilitumia hilo kwa mkuu wa idara, kwa wanakwaya wa sauti ya nne, kwa fahali. Kwa mumewe alikiri kwamba alichelewa kulijua. "Nilimpima akiwa wa baridi, nikaona hana kitu. Nikaongeza, nikaongeza. Alipopata moto akamwagika mpaka kwa jirani." Alicheka hadi akashika ngazi. Mimi sikujua kama naruhusiwa kucheka, nikacheka.

Usidhani alikuwa mtu wa subira, hata hivyo. Aliyehubiri dakika tano za kungoja aliendesha kama anayefukuzwa. Maziwa, kama nilivyosema, hakuyaweza. Nyumbani kwake alikunywa chai ya rangi. Ng'ombe dume aliyevunja zizi alimwendea na kamba moja mkononi, lakini mbuzi aliwaogopa. Alisema mbuzi anakuangalia kama anajua siri yako. Jumapili aliimba sauti ya kwanza mpaka mabati ya kanisa yakajibu, na Jumatatu, likikataa kuwaka, alilitukana pikipiki kwa Kindali, lugha ya nyumbani kwao Ileje. Nilimwomba anitafsirie. Akasema ni zaburi.

Mwaka wa saba wa kufahamiana kwetu alitaka chuma cha kukinga injini, maana mawe ya mteremko wa bondeni yalikuwa yanaruka. Akalipeleka pikipiki kwa fundi wa kuchomelea wa Mpemba, mtu mkimya mwenye sifa nzuri. Ilikuwa siku mbili kabla ya ukaguzi. Akamwambia akifunge chuma kwa vibanio. Akaenda kunywa chai kwa mama ntilie wa jirani. Nilikuwa naye, nimempelekea oili mpya ya ukaguzi.

Fundi alitazama vibanio akaviona dhaifu. Alimheshimu sana yule mama, akaamua kumfanyia kazi ya kudumu. Akachukua drili akatoboa bomba la mbele la fremu.

Alikuja kwa mama ntilie akitembea taratibu, shati jeusi kifuani. Akasimama mbele yetu, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Nimetoboa kidogo. Linatoka damu."

Bwana Mifugo akaweka kikombe chini. Ukaguzi keshokutwa, fremu ina tundu, oili yote inanywewa na mchanga wa Mpemba, na vipande vya chuma vya drili vimeingia mfupani, vikingoja kwenda kuitafuna injini. Fundi aliinamisha kichwa apigwe.

"Bomba lina mafuta miaka ishirini," mama akasema hatimaye. "Ukilichomelea hivi litaungua. Lazima lioshwe. Mama ntilie, hilo sufuria la maji ni la nini?"

"La ugali, Bwana Mifugo."

"Leo wateja watakula wali."

Tulimimina maji ya moto shingoni mwa pikipiki pamoja na sabuni ya unga, na hapo fundi, kwa shauku ya kulipa kosa, akatia pakiti nzima. Tukaziba tundu kwa kipande cha kuni, tukalitikisa sisi watatu kama tunapepeta mchele. Povu likaanza kutoka shingoni. Likafunika usukani, likafunika taa, likashuka kwenye tangi. Malori ya foleni yakaanza kupiga honi. Mzambia mmoja alishuka kwenye lori lake, akazunguka pikipiki mara moja, akauliza, "Mukwai, huyu ng'ombe ana ugonjwa gani?" Bwana Mifugo akamjibu bila kugeuka, "Anaota meno," kisha kicheko kikamshika, akakaa chini kwenye povu, na fundi aliyekuwa karibu kulia akacheka naye.

Tulilisuuza mara tisa. Fundi akalikausha kwa mvukuto, akaziba tundu kwa shaba, kazi safi mpaka leo sijaona mfano wake. Kisha tukatia oili mpya, tukaliwasha, tukaimwaga yote kupitia kanga kuukuu, na mama akainyoosha kanga juani akitafuta vimetameta vya chuma kama anayechambua mchele. Vilikuwapo. Tukatia nyingine, tukamwaga tena. Mara ya tatu kanga ikatoka bila kitu. Keshokutwa yake, Vwawa, liliwaka kwa kiki ya kwanza, na mkaguzi akaandika kwamba ni zima ila linanukia vizuri kupita kawaida.

Likapita hivyo kila mwaka hadi alipostaafu, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipokuja. Ofisa mpya, kijana mstaarabu mwenye shahada, alipewa pikipiki dogo jipya lisiloweza mteremko wa bondeni, naye hakuficha kwamba halitafika huko. Lile jeupe likaandikwa mali chakavu. Mnada.

Bondeni kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Kabula, mkwe wa Mzee Luhende, mfugaji mwenye zizi kubwa kuliko yote kule. Bwana Mifugo alikuwa amemfundisha kuchanja kwa miaka miwili, idara ikamkubali kuwa mhudumu wa mifugo wa kijiji, na jioni za kiangazi alimfundisha kuendesha kwenye mchanga wa mto uliokauka. Idara ilikuwa tayari kumpa chanjo. Barafu ilikuwapo. Miguu tu ndiyo ilikuwa inauzwa Vwawa.

Nilifunga kibanda nikaenda. Fundi mmoja wa mjini, aliyekuja kumnunulia tajiri wake, alichomoa kijiti cha pikipiki lile, akakiinua juu watu wote wakione.

"Kikavu. Injini imekaangwa hii."

"Liwasheni kwanza dakika tano, ndipo mpime," Bwana Mifugo akasema. Alikuwa amevaa gauni lake la kustaafia.

"Mama, umestaafu. Pumzika."

"Liwasheni kwanza dakika tano."

Jamaa mmoja mnene akajaribu kulipiga kiki. Likamrudishia. Akaondoka akichechemea, watu wakacheka, bei ikaanguka. Mzee Luhende, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, akainua fimbo yake mara moja, na pikipiki likawa lake kwa thamani ya fahali mmoja tena mwembamba.

Stakabadhi ilipotoka, Kabula alilisogeza kwenye ngazi za ofisi, akapanda ya pili, akabana kishikio, akasubiri. Kiki ya pili likawaka. Yule mama akatazama saa yake ya mkononi dakika tano kamili, na hakuna aliyeondoka. Akachomoa kijiti, akampelekea fundi wa mjini karibu na pua. Kimeloa hadi alama ya juu.

"Sasa mama, kwa nini hukusema?"

"Nilisema mara mbili, mwanangu. Ya tatu ingekuwa mahubiri."

Baada ya hapo kibanda kikaanza kunibana. Mtu akishaona jambo la namna ile anataka kuona mengine, au labda ni miguu yangu tu, ndivyo ilivyo. Nikasikia habari za Mpanda. Nikauza madumu, nikamwachia jirani kibanda, nikapata nafasi kwenye lori la chumvi linalopitia Sumbawanga. Nyumbani kwa Bwana Mifugo nilikuta kufuli. Nikaandika kikaratasi, nikakipenyeza chini ya mlango, nikaona aibu kwa mwandiko wangu.

Saa nne asubuhi tulifika njia panda ya kushukia bondeni, na pale kando lilisimama pikipiki jeupe. Kabula alikuwa mbele, amelishikilia. Bwana Mifugo alikuwa nyuma yake, nyonga ilikuwa imeanza kumsumbua na hakuendesha tena, amelikumbatia deli la buluu mapajani kama mtoto mchanga. Nikamwomba dereva dakika mbili. Nikaruka chini.

"Shikamoo mama. Nilikuja nyumbani."

"Marahaba. Tuliondoka mapema kufuata barafu. Jirani yako akasema unapita na lori la chumvi." Akanitazama juu hadi chini. "Mpanda kuna nini?"

"Sijui bado."

"Vizuri. Ungekuwa unajua ningekukataza."

Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa tangu Chapwa, mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Nikakohoa kidogo ili nianze. Kabula akageuza shingo. "Mama, linavuja," akasema, na kweli kona ya deli ilikuwa imeanza kudondosha maji kwenye gauni.

"Haya baba," Bwana Mifugo akaniambia, mkono mmoja begani kwangu na macho kwenye deli. "Twende, Kabula. Twende, twende."

Wakashuka. Helmeti mbili zikazama mteremkoni, vumbi likapanda, mlio ukaendelea kusikika chini zaidi na zaidi, hakuna aliyegeuka. Nilibaki barabarani nimenyoosha mkono wa kuagana, dereva wa lori ananipigia honi. Kule bondeni ng'ombe mia nne walikuwa wamefungiwa zizini tangu alfajiri wakingoja chanjo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananisubiri mimi.